Sauti ya bibi, diski iliyokufa na wazee wa Berkeley

Najua blogu imelala, na wale mnaonitumia ujumbe mkiuliza kama nimerudi Bongo kimyakimya nawajibu hapa hapa kwa pamoja: sijarudi. Nipo Oakland, California, zamu za usiku zimenikalia shingoni, na diski yangu ilikufa. Zamu za usiku tumeshazilalamikia sana humu ndani. Leo nataka niongee habari ya diski, na mtanisamehe maana itakuwa ndefu. Chukueni chai.

Wasomaji wa zamani mnamkumbuka bibi yangu wa Muheza. Mwaka 2016 nilipokwenda likizo nilimrekodi kwa simu siku kumi na moja mfululizo, kila jioni akishamaliza kuswali na kula. Alisimulia alivyoolewa, mashamba ya mkonge, ndugu zake waliokwenda Mombasa wasirudi, dawa za watoto, nani ana deni la nani. Bibi alifariki 2018 mimi nikiwa huku, sikuwahi mazishi. Zile sauti nilizihamishia kwenye diski ya nje na simu nikaja kuibadilisha. Nakala nyingine? Ndiyo, najua. Kazini tunahakiki dawa mara mbili na saini ya mtu wa pili, nyumbani kwangu sauti ya marehemu ilikaa kwenye kiboksi kimoja ndani ya droo ya soksi.

Mwezi Januari nimetoka zamu, nikasema nimsikilize bibi kidogo nipate usingizi. Nikachomeka diski kwenye laptopu. (Laptopu ni ya zamani, mdogo wangu aliiwekea Ubuntu nilipokwenda nyumbani, akasema Windows inaionea.) Mashine ikakataa, ikaniambia haiwezi kusoma superbloku. Jamani mimi ni muuguzi. Mkiniambia sodiamu ya mgonjwa imeshuka hadi 118 najua nikimbilie wapi. Superbloku ndiyo nini?

Nikampigia mdogo wangu Dar. Huku saa mbili asubuhi, kule saa moja usiku, yuko kwenye foleni ya daladala. Nilikuwa nalia, nakiri. Akaniambia, "Dada, shikamoo kwanza. Halafu chomoa hiyo diski na usiiguse." Alipofika kwake aliingia kwenye laptopu yangu kwa mbali, akainakili diski nzima kwenda diski mpya niliyokwenda kuinunua, usiku wake mzima na mchana wangu mzima. Kisha kwenye ile nakala akaandika amri yenye namba 32768. Nikamuuliza namba hiyo ni ya nini. Akasema, "Hapo ndipo ilipo superbloku ya akiba. Ya kwanza imeharibika, lakini zipo nyingine zimetawanywa. Hilo wazo ni la wale wazee wa Berkeley."

Nikamuuliza Berkeley ipi.

"Hiyo hiyo ya kwenu huko, dada."

Mimi treni yangu naipandia kituo cha 19th Street, na Downtown Berkeley ni kituo cha tatu kutoka hapo. Miaka yote hii napita, nashuka kununua unga kwenye duka la Wahindi, na sikujua kwamba bibi yangu angekuja kuokolewa na kazi iliyofanyika pale. Basi nikaanza kusoma. Nimesoma makala yenyewe ya wale watu, iliyotoka 1984, na ile isiyoeleweka mdogo wangu kanifafanulia. Ninayowaandikia hapa ndiyo niliyoyaelewa.

Tuanzie mwanzo. Unix ilianza 1969 katika maabara za Bell Labs, Murray Hill, jimbo la New Jersey. Kampuni ilikuwa imejitoa kwenye mradi mkubwa ulioitwa Multics, na Ken Thompson, pamoja na Dennis Ritchie na Rudd Canaday, wakabaki wanachora kwenye ubao namna ya kuhifadhi mafaili. Thompson akaitekeleza kwenye kompyuta ndogo aina ya PDP-7. Kwa hiyo hata kabla Unix haijawa Unix tunayoisikia, chanzo chake kilikuwa swali la masjala: mafaili yakae vipi?

Nawaomba wauguzi wenzangu wanisaidie hapa, maana mfano ni wetu. Mgonjwa akija hospitali anapewa namba. Wapo kina Asha Juma wanne kwenye rejista, ila namba ni ya mmoja. Unix ilifanya hivyo hivyo. Kila faili lina kadi yake yenye namba, inaitwa inodi. Kwenye kadi wameandika mwenye faili ni nani, ukubwa wake, limeguswa lini, na orodha ya mahali kwenye diski yalipo maandishi yake. Kitu kimoja hakimo kwenye kadi, nacho ni jina. Jina linakaa kwenye saraka, ambayo ni orodha tu: jina hili, namba hii. Shikeni hilo la jina, nitalirudia.

Maandishi yenyewe yanakatwa vipande vilivyo sawa, vinaitwa bloku. Zamani kila bloku ilikuwa baiti 512. Kwenye toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, inodi ilikuwa na nafasi ya anwani 13. Kumi za kwanza zinaelekeza moja kwa moja kwenye bloku za faili. Faili likizidi hapo, anwani ya kumi na moja inaelekeza kwenye bloku iliyojaa anwani nyingine, ya kumi na mbili inaelekeza kwenye anwani za anwani, na ya mwisho hatua moja zaidi. Ni kama unapofika ofisi moja unaambiwa nenda dirisha namba tano, na dirisha namba tano lina karatasi tu inayokutuma kwingine. Mafaili madogo hayapati usumbufu huo, na mafaili mengi ni madogo.

Mpaka hapo mambo mazuri. Shida ni mpangilio wa diski yenyewe. Mwanzoni kabisa inakaa superbloku, ambayo ndiyo ramani: diski ina bloku ngapi, kadi ngapi, nafasi zilizo wazi zinaanzia wapi. Kisha kadi zote za inodi kwa pamoja. Kisha maandishi yote. Makala ya Berkeley inatoa mfano wa diski ya megabaiti 150: megabaiti 4 za mwanzo ni kadi, 146 zinazofuata ni maandishi. Kwa hiyo ili kusoma faili lolote lazima uanzie mbele kwenye kadi, kisha uende ndani kwenye maandishi, urudi mbele kwa kadi inayofuata, uende tena ndani.

Diski za wakati ule, na hata yangu ya kwenye droo ya soksi, ni sahani zinazozunguka, na juu yake kuna mkono wenye kichwa cha kusomea. Mkono ukihama kutoka mahali kwenda mahali, unapoteza muda. Ukifika, unasubiri sahani izunguke mpaka kipande unachokitaka kipite chini ya kichwa. Diski nyingi za wakati ule zilizunguka mara 3600 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni kama milisekunde 17. Kwetu ni kufumba na kufumbua, kwa kompyuta ni kusubiri daktari wa zamu Jumapili.

Nilipokuwa mazoezini, hospitali moja ya mkoa ambayo sitaitaja, masjala ilikuwa hivyo. Kadi dirishani mbele, mafaili kwenye stoo mwisho wa korido. Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyekuwa anakwenda na kurudi kutwa nzima na viatu vyake vya plastiki. Faili la mgonjwa likijaa, juzuu ya pili linawekwa popote palipo na mwanya. Mwaka wa kwanza wa masjala hiyo, nasikia, faili ulilipata kwa dakika. Nilipofika mimi mgonjwa wa kisukari alikuwa anakuja alfajiri na faili linafika saa tano, na mara nyingine linafika nusu. Niliona mtu akiandikiwa dozi kwa kukisia kwa sababu juzuu la pili halijaonekana. Ndiyo maana habari hizi za nafasi na mpangilio mimi hazinichoshi.

Unix ya zamani iliugua ugonjwa huo huo. Bloku zilizo wazi ziliwekwa kwenye mnyororo, moja ikiitaja inayofuata. Diski ikiwa mpya, mnyororo umenyooka, faili linaandikwa kwa mfuatano mzuri. Watu wakianza kufuta na kuandika, bloku iliyofutwa inarudishwa mbele ya mnyororo bila kujali iko wapi. Baada ya muda mnyororo unaruka huku na kule kama panzi, na faili jipya linatawanyika diski nzima. Pale Berkeley walipima. Diski iliyotoka kuandaliwa ilikuwa inatoa hadi kilobaiti 175 kwa sekunde. Baada ya wiki chache za matumizi ya kawaida, kilobaiti 30. Hakuna kilichovunjika, hakuna virusi, ni mpangilio tu umechakaa. Na ile mifumo ya bloku za baiti 512 ilikuwa inatumia kama asilimia 2 tu ya uwezo wa diski. Mtu kanunua lori anabebea kiberiti.

Sasa Berkeley iliingiaje? Ken Thompson alikwenda kufundisha pale Chuo Kikuu cha California mwaka 1975 hadi 1976, na Unix ikazidi kupata mizizi. Mwaka huo wa 1975 alifika pia mwanafunzi mmoja, Bill Joy, ambaye hakuacha kitu bila kukigusa. Mwaka 1978 akaanza kusambaza kanda za programu zao, ndiyo ikaitwa BSD. Profesa Bob Fabry akapata mkataba wa DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, likaundwa kundi rasmi la utafiti. Watafiti waliotumia kompyuta za VAX walikuwa na kazi nzito, picha na ramani na michoro ya saketi, na mafaili yao hayakuwa tena barua za ukurasa mmoja. Diski ikawa ndiyo kizingiti.

Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa rahisi: bloku ikuzwe kutoka 512 hadi 1024. Kila safari ubebe mara mbili. Mwendo ulizidi mara mbili, kwa sababu mafaili mengi sasa yalienea kwenye anwani za moja kwa moja bila kupitia dirisha namba tano. Furaha ikawa kubwa, mpaka walipopima tena: bado ni asilimia 4 tu ya uwezo wa diski.

Basi mtu atasema, si muikuze zaidi? Fanyeni 4096, yaishe. Hapa ndipo nilipowapenda hawa watu, kwa sababu hawakukisia, walikwenda kupima mafaili halisi ya watumiaji wao. Ukiwa na bloku kubwa na faili dogo, sehemu iliyobaki inakaa bure na hakuna mwingine anayeweza kuitumia. Kwa mafaili yao, bloku za 512 zilipoteza asilimia 6.9 ya nafasi, za 1024 asilimia 11.8, za 2048 asilimia 22.4, na za 4096 asilimia 45.6. Karibu nusu ya diski inakaa tupu na huku umeambiwa imejaa! Na diski wakati ule hazikuwa za kununua dukani ukitoka kazini kama nilivyofanya mimi.

Aliyeketi akaandika suluhisho ni Marshall Kirk McKusick, akiwa mwanafunzi wa uzamivu, pamoja na Bill Joy, Samuel Leffler na Fabry mwenyewe. Bill Joy aliondoka 1982 kujiunga na Sun Microsystems, kampuni ikiwa changa kabisa, kazi ikaendelea. Ilitoka rasmi ndani ya 4.2BSD, Agosti 1983, na makala ikachapishwa Agosti 1984.

Dawa yao kwa lile la nafasi ni ya mama wa nyumbani. Tumia sufuria kubwa, lakini kiporo kiweke kwenye bakuli. Bloku ni 4096 au 8192, ila kila moja inaweza kugawanywa vipande viwili, vinne au vinane. Chukua faili la baiti 9500. Linapewa bloku mbili kamili, jumla 8192, zinabaki baiti 1308. Badala ya kulipa bloku ya tatu nzima, hizo 1308 zinawekwa kwenye vipande viwili vya 1024 ndani ya bloku ambayo mafaili mengine nayo yameweka mikia yao. Upotevu ni baiti 740 badala ya 2788. Kwa hiyo unasafiri na mizigo mikubwa lakini unapoteza nafasi kama yule wa mizigo midogo. Gharama ipo: faili likikua kidogokidogo, mkia unaweza kuhamishwa mara kadhaa. Wakarekebisha na maktaba za programu ili ziandike bloku nzima kwa mkupuo, kero ikapungua.

La pili ni la masjala, na ndilo kubwa. Waliigawa diski katika makundi ya silinda. Silinda ni zile njia zote zilizo umbali mmoja kutoka katikati, kwenye sahani zote, ambazo mkono unazifikia bila kuhama. Silinda kadhaa zinazopakana ni kundi moja. Na kila kundi likapewa kadi zake, maandishi yake, na daftari lake la nafasi zilizo wazi, ambalo sasa si mnyororo bali ni ramani inayoonyesha kwa mkupuo mmoja wapi pako wazi. Yaani badala ya masjala moja mwisho wa korido, kila wodi ina kabati lake. Yule mama wa viatu vya plastiki angeshukuru.

Kabati bila utaratibu nalo ni bure, na utaratibu waliouweka umenifurahisha kama ratiba nzuri ya zamu. Mafaili ya saraka moja, kadi zao ziwekwe kundi moja, kwa sababu mtu akifungua moja huenda akafungua na jirani yake. Saraka mpya, kinyume chake, ipelekwe kwenye kundi lenye kadi wazi kuliko wastani na saraka chache, ili wasirundikane wodi moja. Bloku za faili zikae karibu na kadi yake. Lakini faili likipita kilobaiti 48 linahamishiwa kundi jingine, na tena kila baada ya megabaiti moja. Kwa nini? Kwa sababu faili moja kubwa likiachiwa litameza wodi nzima, na wadogo wanaofuata watalazwa korido. Kuweka pamoja na kutawanya, vyote viwili, na ugumu ni kujua lini ufanye kipi. Msimamizi yeyote wa wodi aliyepanga vitanda anaujua mtihani huo.

Na vitanda vyenyewe visijae! Waliweka akiba ya asilimia 10 ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi kuigusa. Diski ikijaa kabisa, mfumo hauna tena uchaguzi wa wapi aweke nini, anaweka popote, na mwendo unaweza kushuka hadi nusu. Nimesimama kwenye vikao vingi mno nikiambiwa kitanda kilicho wazi ni hasara. Siku hizi natamani kuwachapishia ule ukurasa.

Kulikuwa na la tatu, la kupanga bloku zinazofuatana kwa kuruka nafasi kidogo ili kompyuta iwe imeshajiandaa sahani inapoleta bloku inayofuata. Lilikuwa la maana kwa mashine za wakati ule. Diski za baadaye zikawa na akili zake na kumbukumbu zake ndani, likapoteza kazi, nalipita.

Matokeo walipima kwenye VAX 11/750. Mfumo wa zamani ulisoma kilobaiti 29 kwa sekunde. Mpya, kwa mashine ile ile na kiunganishi kile kile, 221. Kwa kiunganishi bora, 466, ambayo ni asilimia 47 ya uwezo wa diski. Kutoka 3 kwenda 47. Na hapo kilichowabana hakikuwa diski tena, ni kompyuta yenyewe kuhangaika kunakili data ndani ya kumbukumbu yake. Kuandika kuliongezeka pia ila si kwa kiasi hicho, kutoka 48 hadi 142 kwa kiunganishi cha kawaida, kwa sababu anayeandika lazima kwanza atafute pa kuweka, na kutafuta kwa uangalifu kunakula muda.

Humo humo wakaongeza na mengine. Jina la faili lilikuwa mwisho herufi 14, likawa 255. (Herufi 14! Jina langu la kwenye pasipoti tu halienei.) Saraka na mafaili yakaweza kuwa na njia za mkato, kufungiwa yasiandikwe na wawili kwa pamoja, na watumiaji wakawekewa kikomo cha nafasi. Ila kuhama hakukuwa bure. Mpangilio mpya haukusomeka kwa wa zamani, kwa hiyo kila aliyetaka ilibidi atoe data yake yote nje, aiandae diski upya, airudishe. Na bado, ndani ya miezi 18 leseni zaidi ya 1000 za 4.2BSD zilikuwa zimeshatolewa.

Sasa nirudi kwa bibi, yaani kwa superbloku. Kwenye mfumo wa zamani ramani hiyo ilikuwa mwanzoni mwa diski. Kundi la Berkeley wakasema kila kundi la silinda liwe na nakala yake. Hiyo peke yake ni busara ya kawaida. Lakini walifikiri hatua moja mbele. Kama kila kundi likiweka nakala mwanzoni mwake, basi nakala zote zinaweza kuangukia kwenye sahani ile ile moja ya juu, na sahani hiyo ikikwaruzwa na kichwa, nakala zote zimekwenda pamoja. Kwa hiyo kila kundi linaisogeza nakala yake njia moja mbele kuliko kundi lililotangulia. Zinashuka kama ngazi ya mzunguko ndani ya diski. Upoteze njia moja, upoteze silinda, upoteze hata sahani nzima, ipo nakala mahali pengine.

Nilipolisoma hilo nilisimamisha kusoma kwa muda. Funguo za kabati la dawa kali, kama unaziweka zote kwenye mfuko wa sista mmoja, una funguo ngapi kweli?

Mengine yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 1991 McVoy na Kleiman wa Sun waliufanya mfumo huo uchukue bloku nyingi kwa mkupuo bila kubadili mpangilio wa diski. Wakati huo huo, pale pale Berkeley, Rosenblum na Ousterhout walikuja na wazo jingine kabisa, diski nzima iwe kama kitabu cha matukio kinachoandikwa mbele tu. Linux ilipokuja, mwaka 1993 Rémy Card na wenzake walitengeneza ext2, na makundi ya bloku ya ext2 ni watoto wa makundi ya silinda. Mwaka 2001 ext3 ikaongeza daftari la kukabidhiana zamu: kabla hujafanya badiliko, liandike, ili umeme ukikatika mwenzako ajue uliishia wapi bila kukagua diski nzima. Mwaka 2008 ikaja ext4, ambayo badala ya kuorodhesha kila bloku inaandika "kuanzia hapa, nyingi kiasi hiki". Simu nyingi za Android zimetumia hiyo. Na diski yangu ilikuwa hiyo. Bloku zake 4096, makundi ya bloku 32768, ndiyo maana nakala ya kwanza ya superbloku inakaa mwanzoni mwa kundi la pili, namba 32768. Diski za Berkeley zilikuwa na desturi yao, unaambiwa jaribu 32.

Basi mdogo wangu akaandika ile namba. Programu inayokagua inaitwa fsck, kwa Linux e2fsck. Ya kwanza iliandikwa Bell Labs miaka ya 1970 na Ted Kowalski. Ikachukua ramani ya akiba, ikaanza kuhesabu kadi moja baada ya nyingine. Mimi nimekaa kwenye simu, sijavua hata sare. Baadaye akasema, "Dada, kadi zipo. Lakini baadhi ya saraka zimekwenda."

Hapo ndipo lile la jina mlilolishika. Saraka ndiyo yenye majina. Saraka ikiharibika, jina limepotea, lakini kadi bado iko, na kadi ndiyo inayojua sauti iko wapi. Faili la namna hiyo fsck huliweka kwenye saraka maalumu inayoitwa lost+found na kulipa namba yake ya inodi kuwa jina. Mimi nilikuwa nimeyaita mafaili yangu vizuri, "bibi harusi", "bibi mkonge", "bibi na mjomba Mombasa". Nimepata mafaili 63 yanayoitwa alama ya reli na namba. Mengine manne hayasomeki, mdogo wangu anasema sehemu hiyo ya sahani imekufa kweli na tusidanganyane.

Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi iliyonifanya niwe kimya wadau. Nikitoka zamu nafungua moja, nasikiliza, nalipa jina, nanakili sehemu tatu: diski mpya, kwa mdogo wangu Dar, na kwa mama Tanga kwenye simu yake. Mpaka leo nimefika kumi na nne. Lingine dakika nzima ni jogoo na mtu anachota maji. La jana namba 131087 ni dakika sita za deni la nazi la mwaka nisioujua, na katikati bibi ananyamaza, anauliza, "Hicho kidude chako bado kinasikia?" Nami nasikika kwa mbali nikimjibu kinasikia bibi, endelea.